Maana ya bango la kuandikisha askari

Bango la kuandikisha askari ni karatasi iliyochapwa kwa wingi, yenye picha kubwa na maneno machache, ambayo hubandikwa mahali watu wanapopita ili kumshawishi raia aende kwa miguu yake mwenyewe kujiandikisha jeshini. Katika maelezo hayo, neno la kulishika ni "kumshawishi". Tangazo linaloamuru wanaume wote wa umri fulani wafike bomani siku fulani si bango la aina hii, hata likipambwa kwa rangi saba, kwa sababu anayelisoma hana la kuamua. Bango tunalolizungumzia hutolewa na dola ambayo, pamoja na mizinga na mahakama zake zote, imejikuta katika hali ya kuomba.

Kiswahili kina neno la wito ulio wa kale kuliko karatasi. Mgambo, kabla haujawa jina la jeshi la akiba, ulikuwa tangazo la hadharani lililotanguliwa na mlio wa mbiu, yaani pembe ya mnyama, na ndiyo maana mpaka leo tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu huwafikia wote kwa mara moja, na wote husikia wakijua kwamba jirani naye amesikia. Bango huenda kinyume chake. Linaweza kubandikwa katika kuta elfu kumi, lakini limebuniwa ili kila anayelikuta ahisi kwamba ameonekana yeye peke yake.

Lisingewezekana bila chapa ya mawe, mbinu iliyobuniwa na Alois Senefelder katika miaka ya mwisho ya karne ya 18. Mchoraji huchora kwa wino wenye mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hulowanishwa, maji hukataa kukaa palipo na mafuta, na wino wa chapa hushika pale palipochorwa tu. Kwa kutumia jiwe moja kwa kila rangi, wachapaji wa Ulaya wa mwishoni mwa karne ya 19 walijaza miji yao matangazo ya sabuni, pombe na maonyesho ya jukwaani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wachoraji, mashine na kuta zilikuwa zimekwisha kuzoea kazi ya kuuza. Kilichobadilika ni bidhaa.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni wa Uingereza. Tarehe 5 Septemba 1914 gazeti la London Opinion lilitoka likiwa na jalada lililochorwa na Alfred Leete, linalomwonyesha Lord Kitchener, waziri wa vita, akiwa na masharubu mapana na mkono ulionyooka mbele, kidole kikimwelekea msomaji. Maneno yake yaliwaambia Waingereza kwamba nchi yao inawahitaji, na mara baada ya hapo mchoro huohuo ukatolewa kama bango. Miaka miwili baadaye James Montgomery Flagg wa Marekani alichukua umbo lilelile akaliweka kwa Uncle Sam, yule mzee wa kubuni anayesimama badala ya taifa lao, mwenye kofia ndefu yenye nyota. Uso alioutumia ulikuwa wake mwenyewe, akiongezewa uzee na ndevu, jambo lililomwepushia gharama ya kumlipa mtu wa kukaa achorwe. Mchoro huo ulionekana gazetini Julai 1916, na Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ukawa bango lililochapwa nakala zaidi ya milioni 4. Mwaka 1920 Dmitry Moor naye alimchora askari wa Jeshi Jekundu, yaani jeshi la wakomunisti wa Urusi, akiuliza, kwa kidole hichohicho, iwapo msomaji amekwisha kujiandikisha.

Watu husimulia kwamba macho ya Kitchener humfuata mtu kila aendako, kana kwamba kuna ujanja wa siri. Siri haipo. Uso wa mtu aliye hai una kina, kwa hiyo ukisogea pembeni utaona shavu, kisha sikio, na jicho lake halitakuwa tena juu yako. Picha ni bapa. Kile kinachoonekana ukiwa mbele yake ndicho kinachoonekana ukiwa kushoto au kulia, na jicho lililochorwa likitazama mbele litamtazama kila mpita njia kwa wakati mmoja. Mkono nao umechorwa ukifupishwa, kidole kikiwa kikubwa kuliko bega, hata kinaonekana kutoka nje ya karatasi. Huku kwetu kumnyooshea mtu mzima kidole usoni ni kumvunjia heshima, na nadhani hata London ya mwaka 1914 isingempendeza mwungwana kufanyiwa hivyo barabarani. Bango linaruhusiwa utovu huo wa adabu, na nusu ya nguvu yake imo humo.

Nusu nyingine imo katika sarufi. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtu mmoja na kwa umati, kwa hiyo msomaji wa Kitchener aliambiwa "wewe" na "ninyi" kwa pamoja na kidole ndicho kilichomchagulia. Lugha zinazotofautisha, kama yetu, hazina pa kujificha: ama unasema jiunge, ama jiungeni. Moor alipouliza swali lake kwa Kirusi alitumia nafsi ya umoja, ile ambayo mtu humwambia rafiki au mtoto. Bango la Kijerumani la mwaka 1919 la Julius Engelhard, lililowaita vijana katika jeshi jipya la nchi hiyo, nalo lilisema "hata wewe". Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyetaka kuzungumza na halaiki.

Kidole, hata hivyo, ni njia mojawapo tu, na wala si ile iliyo kali zaidi. Mwaka 1915 lilitoka nchini Uingereza bango lililochorwa na Savile Lumley, ambamo baba ameketi kitini, binti yake yuko mapajani, na mwana wa kiume anachezea askari wa bandia sakafuni. Wakati ni baada ya vita. Binti anauliza: baba, wewe ulifanya nini katika Vita Kuu? Baba hajibu, anatutazama sisi. Hapo hapana adui, bunduki wala bendera, ila aibu ambayo bado haijatokea, inayomngoja mtu nyumbani kwake mwenyewe. Bango jingine la mwaka huohuo liliwaonyesha wanawake dirishani wakiwatazama askari wanaoondoka, na maneno yalisema kwamba wanawake wa Uingereza wanasema: nendeni. Katika picha zote hizi kuna jambo lisiloonyeshwa kamwe, nalo ni kile ambacho askari atakikuta atakapofika: matope, chawa, maiti. Adui akionekana, hafanani na binadamu. Katika bango la Harry Hopps la Marekani la mwaka 1917 Mjerumani ni sokwe mwenye kofia ya chuma, amembeba mwanamke, anakanyaga ufuko wa Amerika.

Je, mabango hayo yaliwaleta watu? Uingereza ilipata watu wapatao milioni 2.5 waliojitolea kabla ya sheria ya kulazimisha kupitishwa Januari 1916, na ni rahisi kumpa Kitchener wa karatasi sifa hiyo. Lakini wimbi kubwa kuliko yote la waliojiandikisha lilikuja Septemba 1914, wakati mabango mengi yalikuwa hayajachorwa bado. Yalipoongezeka mwaka 1915, wenye kujitokeza walikuwa wakipungua. Kwa maoni yangu mpangilio huo unatufundisha namna ya kuisoma picha ya aina hii: mahali ukutapo ukuta uliojaa mabango ya kuomba askari, jua kwamba waliokuwa na hamu wamekwisha kwenda, na kwamba anayesemeshwa ni yule aliyebaki nyuma akisitasita.

Ukizigawanya nchi zilizopigana kwa jinsi zilivyopata askari, jambo hilo linaonekana wazi. Ufaransa na Ujerumani zilikuwa na sheria ya kuwachukua vijana wote jeshini tangu kabla ya vita, kwa hiyo hazikuwa na haja kubwa ya kuwabembeleza. Mabango yao mashuhuri, kama lile la Abel Faivre la mwaka 1916 na lile la Fritz Erler la mwaka 1917, yanaomba fedha: raia aikopeshe serikali kwa kununua hati za mkopo wa vita. Australia, ambako wananchi walipiga kura mara mbili, 1916 na 1917, wakakataa kulazimishwa, iliendelea kuchapa mabango ya kuomba watu mpaka mwaka wa mwisho. Marekani inaiharibu kanuni hii kidogo, maana ilipitisha sheria ya kulazimisha Mei 1917 na bado Uncle Sam akabaki ukutani, akiwaita wa kujitolea huku wengine wengi wakiitwa kwa sheria.

Kuna sehemu ya tatu, ambayo haikuombwa wala haikuandikiwa sheria inayosomeka ukutani, na sisi wa Dodoma tunaishi juu yake. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1910, na vita vilipokuja, mji uliokuwa kituo cha treni ukawa njia ya majeshi. Wajerumani walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa Ugogo kwa ajili ya jeshi lao. Majeshi ya upande wa Uingereza yaliyoshuka kutoka Kondoa yakaingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, nayo yakachukua yaliyosalia. Walichohitaji zaidi ya bunduki ni mabega, kwa kuwa magari hayakuwa na barabara na wanyama wa mizigo waliuawa na ndorobo. Upande wa Uingereza peke yake unakadiriwa kutumia wapagazi wapatao milioni moja katika Afrika Mashariki yote. Nchini Kenya sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu. Kwingine kilichofanya kazi ya sheria kilikuwa jumbe na kamba.

Hakuna mchoraji aliyeketi kubuni picha ya kumshawishi kijana wa Mvumi au Bahi kwamba nchi inamhitaji. Ng'ombe walipokwisha, wanaume walipokuwa hawapo kulima, na mvua zilipokosekana, ilifuata njaa ya mwaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na ambayo kwa makadirio ya wakati ule iliua karibu mtu mmoja kati ya kila watano. Bango linahitaji mtu anayeweza kusema hapana. Pale ambapo jibu halikuulizwa, wino haukumwagwa.

Picha ya askari na mpagazi ilikuja baadaye, tena kwa shaba na si kwa karatasi. Mnara wa Askari jijini Dar es Salaam, uliozinduliwa mwaka 1927, una maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kumbukumbu yao nyingine iko mitaa michache kutoka hapo, katika jina la Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Katika Vita vya Pili askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, ambao wazee waliwaita Keya, walipata kuchorwa katika bango la Wizara ya Habari ya Uingereza lililowaonyesha washirika wa kutoka makoloni. Lakini waliokusudiwa kulisoma walikuwa Waingereza huko kwao. Mtu wetu alikuwamo katika picha, ila picha haikuwa ikisema naye.

Taifa hili lilipohitaji kwa kweli kuwaita watu wake, halikutumia karatasi. Tarehe 2 Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuingia Kagera, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo, na redio ikayafikisha maneno hayo hadi vijijini. Wanamgambo wakajiunga na wanajeshi, na kwa kitambo kile neno mgambo likawa limebeba maana zake zote mbili. Hebu litazameni tena lile "tunao". Kitchener alisema wewe, akakaa nyuma ya kidole chake. Mwenye kusema "tunao" amejiweka ndani ya sentensi pamoja na anayemwita, jambo ambalo kidole kilichonyooshwa hakiwezi kulifanya, kwa kuwa mwenye kunyoosha daima yuko upande wa pili.

Leo, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Makutupora ikiwa kaskazini mwa jiji hili, tangazo la kuwaita vijana wa kujitolea hubandikwa katika mbao za ofisi za mkoa na wilaya, na kwa maana tuliyoanza nayo haliwi bango hata kidogo. Halina picha. Lina umri, elimu, afya, vyeti vya kuambatisha na tarehe ya mwisho, pamoja na onyo kwamba JKT haitoi ajira wala haihusiki kumtafutia kijana kazi amalizapo mkataba wake. Limeandikwa ili kupunguza waombaji, na bado waombaji huzidi nafasi.