Mlima Uliojificha Ndani ya Wingu

Kila ninapomfundisha rubani mpya kutua viwanja vya milimani, ninaanza na Marsabit, kaskazini mwa Kenya.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Anga la Kenya aina ya Harbin Y-12 ilitoka Nairobi na watu 17. Ilibeba viongozi waliokwenda kupatanisha jamii za kaskazini, miezi tisa tu baada ya mauaji ya wanakijiji wa Turbi, huko huko Marsabit. Ikikaribia kutua, hali ya hewa ikiwa mbaya, iligonga kilima karibu na mji wa Marsabit. Walikufa 14, miongoni mwao wabunge watano, akiwamo Bonaya Godana aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Miaka yote hii safari ile bado inaniuma.

Anayeruka kwenda Marsabit hudanganywa na jangwa. Huku chini ni jua kali, unaona mbali mpaka macho yachoke. Ila mlima umesimama peke yake, kilele kikifika kama mita 1,700. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi ukiufikia hulazimika kupanda, na ukipanda hupoa, mvuke ukawa wingu. Ndiyo maana pale juu kuna msitu mnene katikati ya ukame. Wingu hilo hilo linaloulisha msitu ndilo linalofunika njia ya kutulia.

Sasa piga hesabu. Ndege ndogo ya injini mbili ikija kutua huenda kama mita 50 kwa sekunde. Ukungu ukikuachia uone mita 500, una sekunde 10. Toa tatu za macho kutambua na mikono kuitika. Zimebaki saba. Hata ndege ikipanda mita 7 kila sekunde, utakuwa umepata mita 49 tu. Kilima kilichoinuka mita 100 mbele yako hukivuki, na injini zitakuwa zinanguruma vizuri kabisa hadi mwisho.

Vifaa vya kumtahadharisha rubani kwamba ardhi iko karibu vinasaidia, lakini vya zamani hupima umbali wake kwa mawimbi ya redio yanayoelekezwa chini, kwa hiyo mlima uliosimama kama ukuta huvishtukiza. Vipya hulinganisha mahali ndege ilipo na ramani ya ardhi, vikaonya mapema. Ninachokihofia zaidi ni yule rubani anayesema, "Nishuke kidogo tu, huenda nikauona uwanja." Futi mia, kisha mia nyingine. Huyo ameshaamua kutosikiliza onyo kabla halijalia.

Wanafunzi wangu huandika mambo mawili kwenye karatasi wanayoifunga pajani, injini zikiwa bado hazijawashwa: kimo ambacho hawatashuka chini yake kabla ya kuiona njia ya kutulia, na uwanja mwingine wa kugeukia ikishindikana kutua, pamoja na mafuta ya kufika huko. Kwa Marsabit, wengi huandika Isiolo.