Je, wajua kwa nini mteremko haurudishi muda ulioachwa mlimani?

Mwendesha baiskeli anapanda kilomita 10 kutoka bondeni hadi kileleni kwa mwendo wa kilomita 13 kwa saa. Anageuka na kushuka njia ile ile kwa kilomita 50 kwa saa. Wastani wa safari nzima ni ngapi?

Wengi tumewahi kujumlisha na kugawa kwa mbili, tukapata 31 na ushei. Ni jibu linalofariji, kwa sababu linakaribia sana mwendo wa barabara tambarare. Jibu sahihi halifiki hata 21.

Wastani wa mwendo unafuata muda, haufuati umbali. Kupanda kumekula dakika 46, kushuka dakika 12. Mwendo wa 50 ulikuwepo kwa muda mfupi mno kuweza kuvuta wastani juu. Tena, hata baiskeli ingedondoka kutoka kileleni hadi bondeni kufumba na kufumbua, kilomita 20 zingekuwa zimetumia dakika 46 zile zile za kupanda, na wastani ungeishia 26. Mlima ukishakula muda, hakuna mteremko wa kuutapisha.

Lakini kwa nini mteremko usiwe wa kasi zaidi, ilhali nguvu iliyotumika kupanda haijapotea? Kweli imewekwa akiba. Tuseme mtu na baiskeli wana kilo 82 na mwinuko ni asilimia 6, yaani mita 600 za kupanda. Akiba hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita moja ya maji baridi. Tatizo ni mtoza kodi: hewa. Fikiria kutembea ndani ya maji ya kiunoni. Ukienda polepole yanakupisha. Ukijaribu kukimbia yanakushika mapaja. Hewa hufanya vivyo hivyo: mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wake huongezeka mara nne. Kutoka 13 hadi 50 ukinzani unakuwa karibu mara 15. Kwenye 50 hivi kodi imelingana na msukumo wa mteremko, na baiskeli haiongezi kasi tena. Kona kali ni hasara juu ya hasara, maana breki hugeuza akiba kuwa joto tu.

Hapo ndipo hesabu inapokuwa ya ajabu kidogo. Kwa mfano huohuo, mwendo wa 13 mlimani unahitaji wati 200 hivi. Ukiongeza 20 tu, unaokoa takriban dakika 4. Ukikanyaga wati 200 nzima kwenye mteremko badala ya kuacha baiskeli ishuke yenyewe, unaokoa kama dakika moja na nusu. Kuinama, mikono ikishika sehemu ya chini ya usukani na viwiko vikibanwa, kunaweza kukupa karibu faida hiyo hiyo bila jasho, ingawa kiasi chake hutegemea umbo la mtu na nguo alizovaa.

Kwa hiyo, nguvu ya ziada itumike palipo na mwinuko mkali. Shusha gia kabla ya kuufikia: ukisubiri hadi miguu inazunguka chini ya mara 60 kwa dakika, mnyororo umeshabeba mzigo mzito na gia hugoma au huruka. Kosa jingine ni kuacha kukanyaga pale tu unapofika kileleni. Mwendo bado ni mdogo, hewa haijaanza kudai chake; endelea hadi ufikie 35 au 40, ndipo uinamishe mgongo na kupumzika.

Haya yote ni ya milima yenye mwinuko wa maana. Kwenye vilima vya asilimia 1, kwa nguvu ile ile kupanda na kushuka, kilomita 20 hupoteza chini ya dakika moja ukilinganisha na tambarare.