"Mzazi ni mzazi, muiteni kikao": dhana potofu kuhusu vijana waliotengana na mzazi baada ya talaka

Kijana wa miaka 16 haongei na baba yake tangu ndoa ivunjike. Ukoo unamuita sebuleni, wajomba upande huu, mashangazi upande ule, naye anaambiwa: "Mzazi ni mzazi. Omba radhi yaishe." Anapiga magoti, anaomba, pilau inaliwa. Wiki mbili baadaye ameibloku namba ya baba, na mama analeta malalamiko kwa mshauri: mbona walishapatana?

Hawakupatana. Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba kikao kimoja cha ukoo humrudisha mtoto kwa mzazi. Kikao cha namna hiyo huondoa aibu ya wakubwa, basi. Mtu pekee anayetakiwa kutubu ni mwenye umri mdogo kuliko wote chumbani. Hakuna aliyemuuliza kilichomkimbiza, na mzazi haulizwi chochote. Likiongezwa tishio la kukosa radhi, kijana hutii kwa mdomo, anaondoka na hatia juu ya maumivu, na siku akipata tatizo jingine hatamwambia mtu yeyote aliyekuwa sebuleni pale.

Kazi ya kwanza ni kujua sababu, na inafanywa kwa kukaa na kijana peke yake, anayemlea akiwa hayupo hata chumba cha pili. Usimuulize "Kwa nini humpendi baba yako?" Muulize "Mara ya mwisho mlipoonana kilitokea nini?" Majibu mengi huangukia kwenye mafungu manne: aliumizwa, aliahidiwa akaachwa mara nyingi, anaogopa kumsaliti anayemlea, au hana nafasi kwenye nyumba mpya yenye mama wa kambo na wadogo zake. Kila fungu lina njia yake. La kwanza halina upatanisho hata kidogo mpaka usalama uthibitike: ikiwa ni kipigo au ukatili wa kingono, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au, hapa Tanzania, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, bila malipo. Hayo si mambo ya kusuluhishwa kwa pilau.

Kwa mafungu mengine, anayeanza ni mzazi, na anaanza kwa maandishi mafupi. Mfano: "Mimi baba. Nilisema nitakuja mahafali yako, sikuja. Nilikosea. Si lazima unijibu. Nitakuandikia tena Jumapili." Kinachoharibu ujumbe huu nakijua kwa kukariri: "lakini mama yako naye", "hela nilizotuma ulipata?", na sauti ya WhatsApp ya dakika sita. Jumapili ikifika aandike kweli, hata kama hajajibiwa. Mimi hushauri wiki nane za mawasiliano ya siku ileile na saa ileile kabla hata ya kugusia kuonana. Akikosa wiki moja bila taarifa, hesabu ianze upya. Kijana aliyezoea ahadi hewa haamini machozi. Anaamini kalenda.

Wakikubaliana kuonana, iwe mahali pa wazi, mgahawani au ufukweni, kwa saa moja tu, bila mke mpya na bila shangazi wa kushuhudia. Nauli ya kurudi iwe mfukoni mwa kijana kabla hajatoka nyumbani, kwa sababu anayesubiri nauli kutoka kwa mzazi hawezi kuondoka pale anapotaka. Akirudi, anayemlea ampe chakula amwache alale. Swali la "kasema nini kuhusu mimi?" hufuta kazi ya wiki zote nane.

"Amelishwa maneno huyu." Wakati mwingine ni kweli, lakini si jibu la kila kesi. Mwaka 1985 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Richard Gardner, alieneza wazo kwamba mtoto anayemkataa mzazi amejazwa chuki na mzazi mwingine. Mwaka 2001 watafiti Joan Kelly na Janet Johnston walieleza tofauti ambayo kila mwanaukoo angepaswa kuijua: kuna mtoto aliyechochewa, na kuna mtoto mwenye sababu za kweli alizoziona mwenyewe. Msikilize. Aliyechochewa mara nyingi hutumia maneno ya watu wazima kuhusu kesi na mali, hana tukio lake hata moja la kusimulia, na chuki yake humfikia mpaka bibi mzaa baba. Mwenye sababu hukutajia siku, mahali na kilichosemwa, na bibi yake bado anampenda kama zamani, hamchukii. Wengi wana kidogo cha vyote viwili, kwa hiyo acheni kurushiana lawama na mshughulikie kile alichokisema.

"Akifika miaka saba ni wa baba." Hakuna sheria ya Tanzania inayosema hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinadhania kwamba mtoto wa chini ya miaka saba hufaidika zaidi kukaa na mama, na hata dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Baada ya hapo mahakama hupima ustawi wa mtoto, na husikiliza matakwa yake akiwa na umri wa kutoa maoni. Kumnyakua mtoto siku ya kuzaliwa kwake ya saba ni njia ya uhakika ya kumfanya akukimbie akiwa na 15.

"Hatoi matunzo, basi asimuone." Matunzo yadaiwe mahakamani. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 26, inampa mtoto haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye anapotaka, mradi masomo yasivurugike. Haki hiyo ni ya mtoto. Usiiuze kwa ada ya shule.

"Ameshazoea." Kimya si kuzoea. Mzazi aliye hai lakini hayupo ni msiba usio na matanga: hakuna aliyekuja kutoa pole, na kila fomu inaufungua upya. Fomu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, inataka majina ya wazazi wote wawili. Mahafali yanataka mtu wa kukaa kwenye kiti cha pili. Binti wa Kiislamu akichumbiwa, anatakiwa wali, yaani mwanamume wa kumwozesha, ambaye kwa kawaida ni baba. Pangeni mapema: nani atakaa kwenye kiti hicho, nani atamsindikiza kujaza fomu, na kama baba hapatikani, sheikh au kadhi aulizwe utaratibu wa wali hakimu, yaani kadhi anayeozesha badala ya wali, miezi kabla ya posa, si wiki ya harusi. Na kijana asiyelala, aliyeacha kula, anayejikata au kuzungumzia kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama usiku umeingia.