Samaki Wako Bado Wamo, Usiguse PACK

Wiki hii nimetumiwa faili nyingine ya daftari la uvuvi la kwenye kompyuta. Maelezo yaliyofuatana nayo nayajua kwa moyo: umeme ulikatika mwenyewe akiwa anaingiza safari ya mwisho, kompyuta ilipowaka tena rekodi kadhaa hazionekani, "nikaingia kwenye menyu ya zana nikafanya REINDEX, wapi! Nikafanya PACK, wapi! Nikarudia zote mbili." (REINDEX hujenga upya faharasa ya kutafutia rekodi; PACK huziondoa kabisa rekodi zilizofutwa.) Akarudia! Kama mtu aliyemeza dawa ya jirani, akaona hapati nafuu, akaongeza dozi.

Sina ugomvi na bwana huyo. Ni mvuvi makini, na daftari lake ni safi kuliko langu. Kinachonichosha ni ile imani kwamba kila kilichomo kwenye menyu ya zana kimewekwa pale kutengeneza, kwa hiyo ukivibonyeza vyote kimoja kitapatia. Nimeijibu kwa barua, kwa simu na kwa kupiga kelele peke yangu chumbani. Sasa naiandika, na atakayeuliza tena nitamtuma hapa.

Nazungumzia programu za daftari la uvuvi za enzi ya DOS na Windows 95 na 98, zile zinazoweka safari zako kwenye faili za DBF, yaani majedwali ya programu ya dBASE, kila safari rekodi moja. Bado zinatumika, kwenye mashine ambazo intaneti hazijawahi kuionja, na sizicheki. Rekodi ya baiti 96 kwa safari 5,000 ni baiti 480,000. Maisha yako yote majini yanaenea kwenye flopi moja ya MB 1.44, na nafasi inabaki.

Tuanze na REINDEX, maana ndiyo isiyo na madhara. Faharasa ni faili ya pembeni, NDX kwa dBASE au NTX kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya Clipper, na ndani yake mna funguo na namba za rekodi, basi. Ukiifuta leo hujapoteza hata dagaa mmoja. Kuijenga upya kunasaidia pale unapotafuta safari kwa tarehe huipati, lakini ukipitia rekodi moja moja bila mpangilio unaiona imekaa. Hapo faharasa imeharibika, ijenge. Ila kama safari za Desemba zinajipanga katikati ya za Januari kwa sababu aliyeitunga programu alihifadhi tarehe kama maandishi, siku ikitangulia, basi jenga faharasa mpaka uote ndevu. 01/12/1997 itakaa mbele ya 02/01/1997 daima. Imepangwa sawasawa, kwa kanuni ya kipuuzi.

Sasa PACK.

Kila rekodi ndani ya DBF inaanza na baiti moja ambayo wewe huioni. Ikiwa nafasi tupu, rekodi ni hai. Ikiwa alama ya nyota, rekodi imefutwa. Hiyo ndiyo maana nzima ya "kufuta" kwenye programu hizi: nyota. Jodari wako wa kilo 31 uliyemfuta kwa bahati mbaya mwaka 1996 yumo palepale, na uzito wake, na chambo chake, na nyota mbele. Amri ya RECALL inaitoa nyota ile na jodari anarudi. PACK ndiyo inayoiandika faili upya bila wenye nyota. Baada yake RECALL haina cha kuita. Hakuna pipa la taka, hakuna "una uhakika?" ya pili, na programu nyingine hazina hata ya kwanza.

Watu wanaipenda kwa sababu wanaambiwa inaongeza kasi. Tupige hesabu. Tuseme umefuta rekodi 300 kati ya hizo 5,000: umeokoa baiti 28,800. Hata kwenye mashine ya 486 nimejaribu kupima tofauti ya kasi nikashindwa kuipata, na saa ya mkononi ninayo. Kinachonenepa kweli ni faili ya maelezo marefu, DBT, unakoandika hali ya bahari na nani alikosa nanga. Inakwenda kwa vipande vya baiti 512. Ukiyarefusha maelezo yakashindwa kuenea mahali pake, yanaandikwa upya mwishoni mwa faili na yale ya zamani yanabaki kama gofu. PACK ya dBASE III haigusi gofu hilo. Kwa hiyo anayetafuta nafasi anapunguza faili iliyokonda na kuiacha ile yenye kitambi. Ukitaka kuipunguza hiyo, nakili jedwali zima kwenda faili mpya kwa COPY TO, na maelezo yaliyo hai tu ndiyo yatakayohama.

Kuna kesi moja ambapo nyota inaleta fujo halali. dBASE yenyewe, usipoiambia vinginevyo, inazihesabu rekodi zenye nyota. Mtunzi akisahau SET DELETED ON (amri ya kuzificha zenye nyota) pale ripoti yake inapojumlisha, orodha itaonyesha samaki 40 na jumla chini itasema 43. Watu wakiona hivyo wanakimbilia PACK, na namba zinalingana kweli, kwa hiyo nashindwa hata kuwalaumu. Umeifunika kasoro ya ripoti kwa kuchoma ushahidi.

Turudi kwa umeme uliokatika. Mwanzoni mwa faili ya DBF kuna kichwa, na ndani ya kichwa kuna idadi ya rekodi, urefu wa kichwa chenyewe na urefu wa rekodi moja. Programu inapoongeza safari, inaiandika rekodi mwishoni, na idadi kule mbele inaweza kusubiri mpaka faili ifungwe. Umeme ukikatika katikati, rekodi zipo na kichwa hakina habari nazo. Faili moja niliyowahi kuipokea ilikuwa na sehemu 12 (tarehe, mahali, uzito na kadhalika), kila moja ikichukua baiti 32 kichwani, hivyo kichwa chake ni 32, ongeza 12 mara 32, ongeza 1: baiti 417. Rekodi ni baiti 96. Ukubwa wa faili ni baiti 222,178. Toa 417, toa baiti moja ya alama ya mwisho, zinabaki 221,760. Gawa kwa 96: rekodi 2,310. Kichwa kikasema 2,298. Rekodi 12, jioni nzima ya kuingiza, ziko ndani ya faili na hakuna anayezihesabu.

Hapo REINDEX haisaidii, kwa sababu nayo inasoma idadi ya kichwani na kuishia kwenye 2,298. PACK nayo inasoma idadi hiyohiyo, ila hii inaandika. Kwenye matoleo niliyojaribu, inapanga rekodi 2,298 na kukata faili papo hapo. Kinachotakiwa ni kusahihisha idadi ile, kwa programu ya kutengeneza vichwa vya DBF au kwa mkono ukiwa na kihariri cha baiti na roho ngumu.

Nikiri kwamba roho yangu si ngumu hivyo. Rekodi ya mwisho kwenye faili za namna hii siiamini kamwe. Wakati mmoja nilirudisha rekodi ambayo tarehe ilikuwa nzuri, mahali pazuri, na uzito ukasomeka 7.4. Je, ni 7.4, au ni 17.4 iliyoharibika? Nilimwuliza mwenyewe, akasema hakumbuki lakini 17.4 inampendeza zaidi. Nikaiacha 7.4, na sijui kama nilifanya haki.

Zana nyingine nazipitia haraka. Ya kubadili vipimo, ile inayoandika upya daftari zima kutoka sentimita kwenda inchi: samaki wa sentimita 41 anakuwa inchi 16.1, ukimrudisha anakuwa 40.9. Hupungua mara moja tu kisha anatulia, lakini kama kipimo cha chini kinachoruhusiwa ni 41, umejiandikia kosa mwenyewe. Zana ya kusahihisha tarehe ni nzuri, ila itumie kwa vipande: betri ya ubaoni ikifa, DOS inaamka tarehe 1 Januari 1980, na nimeona daftari lenye safari tisa siku hiyo moja, tena ndani ya boti iliyoundwa miaka ya tisini.

Zana ya kuondoa marudio niliiandika mimi, na naomba radhi. Nililinganisha tarehe, mahali, aina, urefu na uzito. Vyote vikifanana, rekodi ya pili inatiwa nyota. Kwenye daftari la duka ingekuwa sahihi. Kundi la vibua likipita chini ya boti, unatoa sita kwa nusu saa, wote sentimita 28, wote gramu 300 kwa mizani ile ya kuning'iniza isiyojua tofauti ndogo. Zana yangu ilibakiza mmoja. Aliyeniarifu aliuliza kwa upole kama nimewahi kuvua. Bahati ilikuwa ile nyota: watano wakarudi kwa RECALL, kwa sababu hakuwa amefanya PACK.

Kabla ya yote hayo ni nakala, na hata hapo watu wanakosea. Toka kwenye programu kwanza, maana nakala ya faili iliyo wazi inaweza kubeba kichwa cha zamani. Nakili DBF pamoja na DBT yake. Moja bila mwenzake ni nusu ya daftari. Faharasa iache, utaijenga. Ukinakili kwenye flopi, itoe, irudishe, ndipo ulinganishe kwa FC /B (amri ya kulinganisha faili baiti kwa baiti), kwa sababu SMARTDRV, programu inayoweka yaliyosomwa diskini kwenye kumbukumbu, inaweza kukusomea kilichomo kwenye kumbukumbu na ukaamini flopi ni nzima. Mimi natumia flopi mbili na bado nalala jicho moja wazi.

Faili ya wiki hii nimeipima. Ukubwa wake na idadi ya kichwani vinalingana baiti kwa baiti, hakuna hata rekodi moja ya ziada mkiani. Ni faili nadhifu kabisa, na unadhifu huo ndio habari mbaya, kwani PACK ilishapita mara mbili. Kilichobaki ni uwezekano kwamba baada ya umeme kukatika hata ukubwa wa faili kwenye orodha ya diski haukuwahi kuandikwa, na vipande vyenye rekodi vikabaki bila mwenyewe. SCANDISK, zana ya kukagua diski, ikivikuta inaweza kuvihifadhi kwenye mzizi wa diski kwa jina FILE0000.CHK. Anasema aliiendesha asubuhi ileile. Nimemwomba aiangalie faili hiyo na asiiguse. Bado hajajibu, na barua yake ya kwanza iliishia na maneno kwamba ameanza kufuta takataka ili mashine ipumue.