Mbuzi wa kufugwa unamjuaje kwa mfupa tu?

Hili swali naulizwa sana hapa Iringa, hasa na watu wanaotoka kutembea Isimila, pale penye zana za mawe za kale, wanadhani kila mfupa wa kale ni wa mifugo, kumbe wale waliochonga mawe ya Isimila waliishi zamani mno, enzi hizo hakuna mtu popote duniani aliyekuwa na zizi.

Ukila supu ya mbuzi hebu angalia mwisho wa mfupa. Mbuzi akiwa mdogo kile kichwa cha mfupa kinabanduka, kimeshikwa na gegedu tu, akikomaa kinagandana kabisa. Na kila kiungo kina umri wake, mfupa wa juu wa mguu wa mbele pale kwenye kiwiko unaungana mbuzi akiwa na kama mwaka hivi, ila huko begani mpaka miaka mitatu na kitu. Kwa hiyo nikipewa rundo la mifupa naona nani alichinjwa mdogo nani mkubwa.

Sasa mfugaji hachinji ovyo, muulize yeyote mnadani. Beberu mmoja wawili wanatosha, madume wengine wanaliwa bado vijana, majike wanabaki wazae. Mwindaji yeye anatamani dume kubwa lenye nyama.

Ndicho walichokionyesha watafiti wa mifupa ya kale, Melinda Zeder na Brian Hesse, mwaka 2000, kwa mifupa ya Ganj Dareh, milima ya Zagros, Iran, ya miaka kama 10,000 iliyopita. Kabla ya hapo wataalamu walipenda kupima ukubwa, mifupa ikiwa midogo basi mnyama kashafugwa. Shida ni kwamba mifupa ambayo haijaungana huwa haipimwi, na ndiyo hiyo ya madume vijana, kwa hiyo wanaobaki kwenye vipimo wengi ni majike, ambao ni wadogo kwa asili! Mbuzi wala hajapungua, ni hesabu. Binafsi hapo ndipo napapenda kuliko pote. Halafu kuna matofali ya udongo palepale yenye alama za kwato, mbuzi walipita tofali likiwa bichi, wafyatuaji wa huku mnaelewa.

Kwetu swali ni jingine, maana mbuzi na kondoo hawana babu wa porini Tanzania, wameletwa na watu kutoka kaskazini, Luxmanda kule Manyara walishakuwepo miaka kama 3,000 iliyopita. Kinachotusumbua sisi ni swala wadogo, kipande kikivunjika vibaya huwezi kumtofautisha na mbuzi kwa macho, hapo inabidi upime protini iliyobaki ndani ya mfupa.