Mshipa wa moyo umebana asilimia 70, je ni lazima uwekewe stenti?

Juzi kliniki kaja mzee mmoja na mwanae, kaikumbatia bahasha ya vipimo vinavyosema mshipa wa moyo umebana asilimia 70 kama hati ya kiwanja, na kabla hata sijaitikia shikamoo ya kijana, mzee keshasema daktari nizibue hii kitu leo leo nikalale. Kifua kinambana akipanda ngazi, akisimama dakika tatu nne kinaachia, imekuwa hivyo karibu mwaka na haijazidi. Hiyo ndo tunaita anjaina iliyotulia, na swali lake, kama ni lazima awekewe stenti, yaani kile kibomba cha wavu kinachoachwa ndani ya mshipa ubaki wazi, naulizwa karibu kila siku, kwa hiyo nimeona niliandike hapa vizuri.

Kwanza tuelewane, siongelei shambulio la moyo. Mshipa ukiziba ghafla, maumivu hayaachii hata umekaa, jasho jembamba linakutoka, hapo kutanua mshipa kwa puto na stenti kunaokoa maisha na kila dakika ina maana, kimbia hospitali. Naongelea yule ambaye maumivu yake anayajua, yanakuja akijitutumua na yanaondoka akipumzika.

Sasa watu wengi wanauona mshipa kama bomba lenye kutu, ukilizibua basi, hatari imeisha. Lakini yale mafuta yanayobana njia yanakaa ndani ya ukuta wa mshipa, na linaloleta shambulio mara nyingi ni donge laini lenye ngozi nyembamba ambalo pengine halijabana mshipa kiasi cha kutisha kwenye picha, linapasuka, damu inaganda juu yake, njia inafunga. Ukimwekea mzee stenti pale penye asilimia 70 umetengeneza sentimita mbili tatu tu, madonge mengine bado yapo kule kote, wakati statini, ile dawa ya kushusha kolesteroli, na aspirini zinafika kwenye mishipa yote.

Na hili limepimwa sio mara moja. Mwaka 2007 utafiti wa COURAGE huko Marekani na Kanada ulichukua wagonjwa 2,287, wote wakapewa dawa nzuri, nusu wakaongezewa stenti, baada ya miaka minne na nusu hivi waliokufa au kupata shambulio walikuwa asilimia 19 kwa wenye stenti na 18.5 kwa wa dawa peke yake. Watu wakasema aah, hao hawakuwa wagonjwa sana. Ukaja utafiti mwingine, ISCHEMIA, matokeo yakachapishwa 2020, watu 5,179 kutoka nchi 37, na hawa vipimo vilionyesha kabisa moyo unakosa damu ya kutosha. Vifo 145 kwa waliopelekwa kuzibuliwa, ama kwa stenti au kwa upasuaji, 144 kwa walioanza na dawa. Mie nilizisoma hizo namba mara mbili mbili.

Hii haimaanishi stenti haifai. Inafaa kwa maumivu, na hapo lazima tuwe wakweli pia. Uingereza 2017 Dk. Rasha Al-Lamee na wenzake walifanya kitu ambacho wengi waliona hakifanyiki, wagonjwa 200 waliokuwa kwenye dawa za kutosha wote wakaingizwa chumba cha katheta, yaani ule mrija mwembamba unaopitishwa hadi kwenye mishipa ya moyo, wakapewa dawa ya kusinzia na hedfoni masikioni, nusu wakawekewa stenti na nusu hawakuwekewa chochote, mgonjwa hajui yuko kundi gani. Wiki sita baadaye muda wa kutembea kwenye tredimili, ile mashine ya kutembelea, ulitofautiana sekunde 16 hivi, kitu ambacho kinaweza kuwa bahati tu. Wakarudia kwa watu 301 wasiotumia dawa za anjaina, majibu yakatoka 2023, na hao stenti iliwapunguzia maumivu kweli. Kwa hiyo kama dawa zinakushinda, zinakuchosha, au umezimeza vizuri na bado huwezi kufika sokoni bila kusimama, njoo tuongee stenti, hiyo ni sababu halali kabisa. Kwenye COURAGE kama theluthi ya wale wa dawa waliishia kuzibuliwa baadaye, na kule kusubiri hakukuwaongezea vifo.

Wapo ambao hesabu hii haiwahusu, mfano aliyebanwa mshipa mkuu wa kushoto au ambaye moyo umeshachoka kusukuma damu, hao hawakuingizwa kwenye ISCHEMIA na uamuzi wao ni mwingine.

Kinachoniuma ni mtu anawekewa stenti, anajisikia mzima, anatupa statini na anarudi kwenye sigara. Na klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, na aspirini baada ya stenti huachi kwa kujiamulia, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe, mara nyingi tunampa mgonjwa zote mbili pamoja kwa miezi sita hivi.

Mzee wangu tulikubaliana tuanze na dawa, bisoprolol ya kupunguza mapigo ya moyo, statini, aspirini, na ile ya kutanua mishipa ya kuweka chini ya ulimi, anarudi baada ya wiki sita tuone ngazi zinasemaje. Mwanae nikamvuta pembeni kidogo nikamwambia, hii ya chini ya ulimi isikutane kabisa na vidonge vya nguvu za kiume, presha inaporomoka, mwambie wewe maana mimi nimeshamwambia akacheka tu.