Kwa nini usingizi unakubali kwenye daladala, kitandani unagoma?

Saa 11 na nusu alfajiri, Dar es Salaam. Gari la Tegeta–Makumbusho halijafika hata Afrikana na nusu ya abiria wameshalala. Dada wa siti ya dirishani kaegemeza paji la uso kwenye kioo. Gari likipanda tuta kichwa kinagonga, wala hashtuki. Baba aliyekaa pembeni yangu kapakata mfuko wenye hotpoti ya chakula cha mchana, kaukumbatia kwa mikono miwili, na shingo inamlegea taratibu kuja begani kwangu. Spika iliyo juu ya kichwa chake inapiga singeli. Singeli! Muziki huo huo akiupiga jirani saa 6 usiku, baba huyu angeamka kwenda kugonga geti la watu.

Na ukimuuliza, atakwambia usiku hakulala vizuri. Godoro analo, shuka safi, kajigeuza mpaka saa 7. Leo hapa siti ngumu, magoti yamebanwa, konda anapiga kelele, na usingizi umemjia bila kuitwa. Kuna nini ndani ya daladala?

Jibu la kwanza halihusiani na daladala hata kidogo. Ni deni. Mtu anayekaa Tegeta, Chanika au Mbagala na kufanya kazi katikati ya mji anaamka saa 10 ili aiwahi foleni kabla haijakomaa. Jioni foleni inamrudisha nyumbani saa 2, saa 3. Ale, aoge, aongee na watoto waliobaki macho, apitie simu, tayari ni saa 5 na zaidi. Hapo kapata saa 5 za kulala, tena kama hakujigeuza. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kila siku anakopa saa 2, Ijumaa ikifika anadaiwa 10.

Deni hilo mwili unaliandika kwa kemikali. Ubongo ukiwa macho unatumia nishati, na katika masalio ya kazi hiyo kuna kitu kinaitwa adenosini. Kinajikusanya kutwa nzima kama maji kwenye ndoo iliyowekwa chini ya bomba linalovuja, na kadiri kinavyozidi ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kulala ndiko kunakomwaga ndoo. Ukilala kwa saa 5 tu unaamka ndoo ikiwa na maji ya jana, halafu unaanza kujaza ya leo juu yake. Kahawa ya kijiweni haimwagi kitu. Kafeini inakaa tu kwenye milango ambayo adenosini ingeingilia, ubongo usijue kwamba ndoo imejaa. Na haiondoki upesi: kwa watu wengi nusu yake huchukua kama saa 5 kutoka mwilini. Vikombe viwili vya saa 12 jioni, saa 5 usiku kimoja bado kipo nawe kitandani.

Sawa, lakini kama anadaiwa hivyo, kwa nini asilipe usiku, akiwa amelala kwenye godoro lake? Hapo ndipo penye utamu wa swali.

Kupata usingizi hakutegemei uchovu peke yake. Mwili unataka pia kupoa. Joto la ndani hushuka kwa kama nyuzi 1 hivi usiku, na linatokea kwenye ngozi, hasa viganja na nyayo. Sasa chukua chumba cha tofali za saruji na bati, hakina dari. Kutwa nzima kuta zimekunywa jua. Jioni zinaanza kulirudisha ndani. Mwezi wa pili Dar es Salaam usiku wenyewe unaganda kwenye nyuzi 25 hivi nje, ndani ni habari nyingine, na unyevu wa pwani haukubali jasho likauke. Feni haishushi joto la hewa, inasaidia jasho kukauka tu. Umeme ukikatika, basi: unamsikia kila mtu nyumba nzima akigeuka. Chandarua nacho kinapunguza upepo, ingawa mtu wa Dar anayekivua kwa ajili ya joto atahangaishwa na mbu mpaka asubuhi, kwa hiyo hapo sina ushauri wa maana zaidi ya kufungua dirisha lenye nyavu na kulaza kichwa upande wake.

Watu hupenda kusema wazee wetu walilala na kuku, ndiyo maana walikuwa na afya. Mwaka 2015 ulitoka utafiti uliopima usingizi wa Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila umeme. Hawakulala na kuku. Walikaa macho kwa saa 3 na kitu baada ya jua kuzama, na kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Yaani si mbali sana na sisi! Kilichowatofautisha ni kwamba usingizi wao ulifuata baridi: walilala wakati usiku unaendelea kupoa, wakaamka karibu na saa za baridi kali, kabla ya jua, karibu muda ule ule kila siku. Na ilionekana kuwa Wasan na Watsimane hawana hata neno la kukosa usingizi. Sisi tunalo mpaka la ule usingizi wa nusunusu, mang'amung'amu.

Kisha kuna kelele. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa Ulaya wa 2009, lilipendekeza kelele za nje usiku zisizidi desibeli 40, ambazo ni kama mazungumzo ya chinichini ya watu wa chumba cha pili. Mtu wa Manzese akisikia hivyo atacheka. Sisi ndio tuliobuni ngoma ya mtaani inayokesha mpaka jogoo awike, tukaiita kigodoro, jina la kitu cha kulalia. Mkazi wa muda mrefu atakwambia ameshazoea, na kweli haamki. Lakini ukimpima, moyo wake bado unakimbia kidogo kila pikipiki inapopita, na usingizi unapanda juu kutoka kwenye kina. Kichwa kimezoea, mwili haujazoea.

Simu inastahili lawama, ila nadhani inalaumiwa kwa kosa dogo. Ni kweli mwanga wa kioo unachelewesha melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba giza limeingia. Lakini kioo cha inchi 6 kina mwanga gani? Kosa lake kubwa ni maneno. Saa 5 usiku unafungua kundi la familia, unakuta orodha ya michango ya harusi na jina lako halina alama ya vyema. Hapo hata ukizima taa zote, moyo umeshawaka.

Ukirudia hivyo usiku baada ya usiku, kitanda chenyewe kinageuka. Ubongo unajifunza kwa kuoanisha vitu: ukikaa macho kitandani mwezi mzima ukihesabu kodi, ada na mkopo, kitanda kinakuwa ofisi ya madeni. Ukikalia tu, unaamka. Ndiyo maana kuna mtu anasinzia kwenye kochi mbele ya taarifa ya habari, anaambiwa akalale chumbani, akifika chumbani macho yanakuwa kodo. Tangu miaka ya 1970 tiba ya tatizo hili imekuwa kuuvunja uhusiano huo: usipande kitandani mpaka usingizi ukushike, na ukiona umelala macho muda mrefu, ondoka, kaa kwingine, rudi ukianza kusinzia. Saa ya kuamka isibadilike hata kama ulilala vibaya. Kwa ukosefu wa usingizi wa muda mrefu, mafunzo ya namna hii ndiyo yanayopendekezwa kwanza, kabla ya vidonge. Tatizo ni kwamba waliotunga kanuni hii walikuwa na sebule. Kwa aliyepanga chumba kimoja, kitanda ndiyo kochi, ndiyo meza, ndiyo sehemu ya mgeni kukaa. Nilipokuwa kwenye chumba cha namna hiyo nilitandika mkeka kando ya mlango, mambo yote ya simu na hesabu nikayahamishia hapo. Ilikuwa kero wiki ya kwanza. Baadaye mgongo ukauma mapema, nikawa napanda kitandani kwa hiari yangu.

Sasa turudi ndani ya gari, kwa sababu daladala nalo lina mchango wake.

Mwaka 2011 watafiti wa Geneva, Uswisi, walitengeneza kitanda kinachobembea, wakawalaza wanaume 12 mchana kwa dakika 45: mara moja kitanda kimetulia, mara nyingine kinakwenda na kurudi polepole, mzunguko mmoja kila sekunde 4. Kilipobembea, walipata usingizi haraka na kuzama zaidi. Mwaka 2019 jaribio likarudiwa kwa usiku mzima, matokeo yakafanana. Mwaka huo huo ikaonekana kwa panya kwamba siri iko kwenye sikio la ndani, penye vijiwe vidogo vinavyohisi mwendo: panya ambao vijiwe hivyo havifanyi kazi hawakunufaika na kubembezwa. Mama yeyote aliyembeba mtoto mgongoni na kuzungukazunguka uani hakuhitaji kwenda Geneva. Daladala, najua, halibembei kwa adabu ya maabara. Ila kwenye lami, kwenye foleni ya kusogea na kusimama, injini ikinguruma kwa sauti moja ambayo inafunika hata singeli, linakaribia.

Na kuna kitu kisichopimika kwenye sikio. Ndani ya daladala huna la kufanya. Foleni si yako, usukani si wako, bosi hawezi kukudai kitu mpaka ushuke. Pengine ndiyo saa pekee ya siku ambayo hakuna anayekungoja ufanye chochote. Kitandani unajilazimisha kulala, na usingizi ukilazimishwa hukimbia. Kwenye siti hujaribu hata kidogo.

Mtu mmoja tu ndani ya gari anabembezwa hivyo hivyo na haruhusiwi kupokea. Suka, yaani dereva, aliyeamka saa 10 alfajiri, ikifika saa 3 usiku ametimiza saa 17 akiwa macho. Vipimo vilivyofanywa Australia na New Zealand vilionyesha kwamba mtu wa saa 17 bila kulala anachelewa kuitikia sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Hajanywa hata soda, na askari akimsimamisha hatanusa kitu. Ukipanda gari la mwisho, ukamwona anapiga miayo na kujipangusa uso kwa taulo kila kituo, msemeshe, au shuka.

Wapo pia wanaolala kwa saa 8 nzima na bado wakikaa popote wanasinzia, na nyumbani wanakoroma kwa kukatisha: kimya, halafu kukoroma kwa kishindo. Hao si wavivu. Huenda njia ya hewa inaziba usiku na kuwaamsha mara nyingi bila wao kujua. Waende hospitali.

Usingizi wenyewe wa daladala hauna kina. Watu wa pwani humsema aliyezama kuwa amelala usingizi wa pono, yule samaki, na hawakukosea: pono wa aina kadhaa wakilala usiku hujifunika kwa mfuko wa ute waliouchuruza wenyewe, na utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba mfuko huo unawakinga na vidudu vinyonya damu. Chandarua cha baharini! Abiria hana chandarua, yupo katikati ya watu, ubongo unabaki lindoni. Unachopata ni dakika 20 za usingizi mwepesi, zinazopunguza maji ya ndoo lakini haziimwagi. Ndoto huwa nadra, na kwenye usingizi wa ndoto misuli hulegea kabisa, na shingo ikilegea hivyo unaamka na aibu.

Lindo hilo ndilo linalotushangaza kuliko yote: mtu kalala kuanzia Tangi Bovu, kinywa wazi, lakini konda akisema "Bamaga ipo?" anafumbua macho na kujibu "Ipo!" Masikio hayalali. Toka 1960 ilishaonyeshwa maabara kwamba ubongo wa aliyelala huitikia jina lake mwenyewe kwa nguvu kuliko majina ya wengine. Kituo chako, ukishuka hapo miaka mitatu, kinakuwa kama jina lako.

Mimi nashuka Sayansi. Nimelala njia nzima mara zisizo na idadi na sijawahi kupitilizwa, isipokuwa siku moja. Konda alikuwa mgeni wa ruti, hakuita kituo hata kimoja, alikuwa anagonga bati tu, mara mbili kusimama, mara moja kuondoka. Nilizinduka Makumbusho, gari tupu, yeye anafagia chini ya siti. Aliniuliza, "Bro, we ulikuwa wapi?"